Neno la Kushika Mwaka Mzima

Wiki ya mwisho ya Desemba njia panda ya Nanganga haitulii. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Masasi na Newala hupita yamejaa watu wanaorudi kwao, na wengine hushukia hapo kutafuta gari la Ruangwa. Msimu wa korosho unaelekea ukingoni. Malipo ya minada yameingia au yanasubiriwa, mvua zimeanza, mashamba ya mahindi, mihogo na mbaazi yanamtaka mtu, na Januari inakuja na sare za shule na madaftari. Kwa mkulima wa bonde la Lukuledi na wa uwanda wa juu wa Makonde, mwaka mpya hauji peke yake. Unakuja na fedha mkononi na jembe begani kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana azimio la mwaka mpya si pambo katika sehemu hizi. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, AMCOS, mzigo huenda ghala kuu, hupigwa mnada, na fedha hupitia benki. Masasi iko chini ya chama kikuu cha ushirika cha MAMCU, Newala na Tandahimba chini ya TANECU. Oktoba 2024 bei ya mnada wa kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Fedha ya namna hiyo huja kwa mkupuo, kisha inakaa kimya mpaka korosho nyingine zidondoke miezi kumi baadaye. Kinachoamuliwa nyumbani kati ya Krismasi na mwisho wa Januari ndicho kitakachoamua kama Julai kutakuwa na salfa ya kupulizia mikorosho, au kutakuwa na deni.

Maneno ya kujiongoza hayajawahi kuadimika kusini. Yameandikwa kwenye kanga za akina mama, kwenye vioo vya mabasi, kwenye pikipiki za bodaboda, juu ya milango ya maduka. Anayetaka neno la kumwongoza mwaka mzima atalipata kabla hajafika stendi. Lililo gumu ni kulifanya neno hilo lishike mwaka, liwe na nguvu Agosti kama lilivyokuwa nayo usiku wa mkesha. Watu na serikali wamejaribu jambo hilo mara nyingi katika nchi hii, na matokeo yao yanafaa kutazamwa kwa makini kuliko mashauri mengi ya vitabu vya kujiendeleza.

Jaribio kubwa kuliko yote lilitangazwa redioni. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka, Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taifa zima lilipewa azimio moja. Hoja yake haikuwa ngeni. Mwaka 1964, alipouleta Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, alikuwa ameshaeleza kwamba elimu ya watoto ingechelewa miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla ya kuonekana katika uchumi, ilhali mawazo ya watu wazima yanafanya kazi leo. Usiku ule wa 1969 aliweka malengo matatu. La kwanza lilikuwa kuwatoa Watanzania katika hali ya kukubali maisha duni kana kwamba hayabadiliki. La pili lilikuwa kujifunza namna ya kuyabadilisha, shambani na nyumbani. La tatu lilikuwa kuielewa siasa ya nchi, Ujamaa na Kujitegemea.

Uzito wa hotuba ile uko katika yaliyofuata. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka mmoja usingetosha kuiondoa hali hiyo, na waliopanga walilijua hilo. Kwanza zikachaguliwa wilaya sita zitangulie. Mwaka 1971 chama tawala, TANU, kikaazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, kwenye varanda za ofisi za chama, katika shule za msingi baada ya watoto kuondoka. Wengi wa waliofundisha hawakuwa walimu kwa taaluma. Walikuwa watu wa kijiji waliojua kusoma kidogo. Vitabu vya kujifunzia viliandikwa juu ya kazi za watu wenyewe, kama pamba, ndizi, uvuvi na ng'ombe, ili anayejifunza herufi ajifunze pamoja nayo namna ya kupanda na kufuga.

Kisha ukaja mtihani. Agosti 1975 nchi nzima ilipimwa, kwa madaraja yaliyojulikana, kuanzia la kwanza hadi la nne. Zaidi ya watu milioni tano walikuwa wamejiandikisha katika madarasa yale. Kiwango cha wasiojua kusoma kikaonekana kimeshuka hadi asilimia 39, na mitihani iliyofuata ikakiteremsha tena, mpaka kufikia karibu asilimia 10 mwaka 1986. Ni nchi chache sana za Afrika zilizofanya kazi kama hiyo kwa muda mfupi hivyo.

Mtu anaweza kusema kwamba ile ilikuwa kazi ya serikali, yenye redio, chama na walimu, na haina fundisho kwa mama mmoja wa Nanganga anayetaka kupunguza madeni. Ina fundisho, na kubwa. Neno "elimu ya watu wazima" halina mvuto wa pekee. Halina vina, halichekeshi, lisingeuza kanga hata moja. Lilifanya kazi kwa sababu lilitaja jambo moja, likapewa mahali pa kutendeka, likapewa watu wa kulisimamia, na tarehe ya kupimwa. Aliyeshindwa alijua ameshindwa katika daraja gani na angerudia lini.

Kampeni ile ilipata ndugu mdogo mwaka 1973, kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 vikundi vya wasikilizaji vilikusanyika kuzunguka redio, vikasikiliza kipindi, vikasoma kijitabu, vikajadili, kisha vikaamua la kutenda kabla ya kukutana tena. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwa ajili hiyo, na washiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Baada ya kipindi watu walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakachemsha maji ya kunywa. Wazee wengi bado wanaikumbuka kaulimbiu hiyo miaka 50 baadaye, na huenda wanaikumbuka kwa sababu mikono yao ilichoka kwa ajili yake.

Lakini hadithi ya kusoma na kuandika haikuishia 1986. Miaka ya themanini uchumi ulianguka, vifaa vikakosekana, madarasa yakafifia, na watoto wengi wakaacha kuandikishwa shule. Sensa ya 2002 ilikuta karibu watu watatu katika kila kumi wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawajui kusoma na kuandika. Azimio lililotimia kwa jasho la watu wengi lilikuwa limeachiliwa, nalo likarudi nyuma. Anayepanga mwaka wake aliweke jambo hili moyoni, kwa sababu maazimio ya nyumbani huoza kwa njia hiyo hiyo: jambo hutimia, watu hushangilia, ulinzi huondoka.

Kusini kunayo pia kumbukumbu chungu ya neno lililotolewa juu likashushwa kwa watu bila ridhaa yao. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, ni amri. Mpaka hapo ujamaa wa vijijini ulikuwa umeelezwa kuwa jambo la kushawishiana. Baada ya hapo watu walihamishwa kwa operesheni, na katika mikoa ya Mtwara na Lindi wengi walihamishwa mbali na mikorosho yao. Mkorosho unataka mtu wa karibu, wa kupalilia chini yake ili korosho zionekane zikidondoka, wa kupogolea, wa kuuangalia unapotoa maua. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa imekusanya karibu tani 145,000 za korosho, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Katikati ya miaka ya themanini ikawa inakusanya chini ya tani 20,000.

Kuhamishwa hakukuwa sababu pekee. Ugonjwa wa ubwiri unga ulishambulia maua, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni, na malipo yalichelewa. Lakini mashamba yaliyoachwa yakawa msitu, na mti ulioachwa hausubiri hotuba. Mikorosho ilirudi kuzaa vizuri baada ya watafiti wa Naliendele, Mtwara, kuonyesha namna ya kudhibiti ubwiri unga kwa salfa, na baada ya wakulima wenyewe kuona faida ya kurudi mashambani. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani laki tatu, zaidi ya mara mbili ya kile kilele cha zamani. Hakuna aliyeyaamrisha.

Kwa hiyo lipo neno ambalo mtu amelichagua na lipo neno ambalo amechaguliwa na wengine, na tofauti yake huonekana shambani. Ni vema kulisema hili waziwazi kwa wazazi na wakuu wa kaya, ambao mara nyingi huchagua azimio kwa niaba ya nyumba nzima. Baba akitangaza usiku wa mkesha kwamba "mwaka huu nyumba hii ni ya kubana matumizi", na hakuna aliyeulizwa, ametoa amri. Machi itafika na kila mmoja ana matumizi yake aliyoyaficha.

Kilomita chache kutoka Nanganga kuelekea Masasi iko Ndanda, na katika wilaya hiyohiyo ya Masasi kiko kijiji cha Lupaso. Hapo alizaliwa Benjamin William Mkapa, Novemba 1938, na Ndanda ni mojawapo ya mahali aliposoma akiwa kijana. Alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka thelathini, alichagua maneno mawili yamwongoze: Ukweli na Uwazi.

Kati ya kaulimbiu zote za marais wa Tanzania, hii ndiyo iliyokuwa na ujasiri mkubwa kuliko nyingine. Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya ya Jakaya Kikwete mwaka 2005, Hapa Kazi Tu ya John Magufuli mwaka 2015, Kazi Iendelee ya Samia Suluhu Hassan mwaka 2021, zote zinawaita watu kufanya kazi. Ukweli na Uwazi kwanza inamfunga anayeitamka. Mkapa aliitaja mali yake hadharani mwanzoni mwa utawala wake. Januari 1996 aliunda tume ya kuchunguza rushwa chini ya Jaji Joseph Warioba, na kabla mwaka haujaisha tume ilikuwa imekabidhi ripoti nene iliyoeleza rushwa ilivyoingia katika idara za serikali. Alijizoesha pia kulihutubia taifa mwisho wa mwezi, akieleza serikali inafanya nini na kwa nini.

Kaulimbiu hiyo haikumwacha salama, na hapo ndipo ilipoonyesha thamani yake. Baada ya kuondoka madarakani maswali yaliulizwa hadharani, bungeni na magazetini, juu ya biashara zilizohusishwa naye alipokuwa Ikulu, na waliouliza walimpima kwa maneno yake mwenyewe. Novemba 2019 alizindua kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose. Humo aliandika kwa majuto juu ya watu waliouawa Zanzibar Januari 2001, katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi, jambo lililobaki kama doa katika utawala wake. Kiongozi asiyejiwekea kipimo hadharani angeweza kulipita jambo hilo kimya. Mkapa alifariki Julai 2020 na kuzikwa Lupaso. Msafiri wa Nanganga anayetoka Dar es Salaam huvuka mto Rufiji juu ya daraja lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 2003, ambalo lilimaliza enzi za kusubiri kivuko kwa saa nyingi na wakati mwingine kwa siku.

Huku kusini kuna desturi ya zamani kuliko redio na kuliko chama, inayokaribia sana jambo la kuchagua neno la kuishi nalo. Miongoni mwa Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera, kijana anayetoka jandoni hutoka na jina jipya. Jina la utotoni huachwa, na kumwita mtu mzima kwa jina hilo huonekana ni kumvunjia heshima. Siku hizi jando na unyago hupangwa kufuata likizo za shule, hivyo wapo vijana wanaouanza mwaka mpya wa shule wakiwa na jina ambalo mwalimu halijui bado.

Desturi hiyo ina hekima iliyokosekana katika maazimio mengi ya kisasa. Jina jipya halibaki siri moyoni mwa mtu. Linatangazwa mbele ya wazazi, wajomba, makungwi na majirani, na kuanzia siku hiyo wao ndio watakaolitumia. Kila anayekuita anakukumbusha kwamba wewe si mtoto tena. Uzito wa desturi hii ulionekana hata kwa wageni: Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Anglikana ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, hakuipiga marufuku. Alikubali kuwe na jando la Kikristo, ambamo sehemu za mafunzo ya kale ziliunganishwa na sala. Alitambua kwamba hakuna mahubiri ya Jumapili yanayoweza kumbadilisha kijana kama jamii nzima inayomwita jina jipya asubuhi na jioni.

Makanisa yana namna yake pia. Katika mikesha ya tarehe 31 Desemba, makanisa mengi ya Afrika Mashariki hutangaza neno la mwaka, fungu la Biblia au kauli fupi itakayobandikwa ukutani na kurudiwa hadi Desemba nyingine. Desturi za namna hii zina historia ndefu. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza kuchapa kitabu cha neno la kila siku mwaka 1731, wakichagua mafungu kwa kura, na hawajaacha kukitoa tangu hapo. Sasa hutolewa kwa lugha zaidi ya hamsini. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Waislamu wa pwani wana mwaka wao wa Muharram, na Makunduchi, Unguja, bado wanaadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai, siku ya kuzimaliza chuki za mwaka uliopita. Si lazima mtu asubiri Januari. Mwanzo wowote unaoheshimiwa na watu wa mtu huyo unafaa.

Turudi Ndanda. Wabenediktini walihamia hapo mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuchomwa katika vita vya Majimaji. Walijenga abasia, shule na hospitali iliyotibu watu wa Masasi, Newala, Nachingwea na ng'ambo ya Ruvuma kwa miaka mingi. Kila mtu wa huku anaijua kaulimbiu yao, Sala na Kazi. Wasichojua wengi ni kwamba maneno hayo hayamo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya sita. Yalikuja baadaye sana. Kilichomo katika Kanuni ni ratiba: saa za sala kutoka usiku hadi jioni, saa za kazi za mikono, saa za kusoma, zikibadilika kidogo kiangazi na majira ya baridi. Watawa waliishi kwa kengele kwa karne nyingi, kisha watu waliowatazama wakapata maneno mawili ya kuelezea walichokiona.

Huo ndio mpangilio ambao wengi huugeuza. Hutafuta kwanza maneno mazuri, wakiamini ratiba itakuja yenyewe. Katika kisa cha watawa kengele ilitangulia.

Watafiti wa nchi za mbali wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Katika miaka ya themanini John Norcross na wenzake wa Chuo Kikuu cha Scranton, Marekani, waliwafuatilia watu 200 waliokuwa wameweka maazimio ya mwaka mpya. Baada ya wiki moja, asilimia 77 walikuwa bado wanayashika. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 19. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020, wa watu zaidi ya elfu moja, ulitazama jinsi azimio lenyewe linavyotungwa. Walioazimia kuanza au kuongeza jambo walifanikiwa kwa asilimia 58.9, na walioazimia kuacha au kukwepa jambo kwa asilimia 47.1. Naye Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, ameonyesha pamoja na wenzake, kwa majaribio mengi tangu miaka ya tisini, kwamba nia hutimia zaidi mtu anapoifunga kwenye tukio maalumu: jambo fulani likitokea, nitafanya hivi. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94, nayo yakauthibitisha ukweli huo.

Mkulima wa korosho ana bahati hapa, kwa maana kalenda yake imejaa matukio ya kufungia nia. Mavuno yakiisha, kupogolea. Mvua zikinyesha, palizi. Mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua baada ya mvua kukatika, kupulizia, na kurudia kwa majuma. Oktoba, kuokota na kukausha. Anayesema "mwaka huu nitakuwa makini zaidi" amesema jambo lisilo na siku. Anayesema "fedha ya korosho ikiingia, kabla sijanunua kitu kingine nitatenga ya salfa na kuikabidhi" ameufunga mwaka kwenye siku moja anayoijua, na kwenye tendo ambalo mke wake, mume wake au jirani anaweza kuliona. Tena, kama Wasweden wale waliofanikiwa zaidi, amesema atakachofanya, hakusema tu atakachoacha.

Mahali ambapo mambo haya yote yanakutana vizuri, vijijini mwa kusini, ni katika vikundi vya kuweka na kukopa. Mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Wanachama kati ya 15 na 30 hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa, fedha huingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti, wala si kwa mtunza sanduku. Mzunguko huchukua karibu mwaka mmoja. Mwisho wake hisa huhesabiwa mbele ya wote na kugawanywa, kisha wanaotaka huanza upya. Vikundi vina majina ya kutia moyo: Tumaini, Upendo, Umoja, Nia Njema. Majina hayo ni kaulimbiu hasa, na yangekuwa maneno matupu kama kusingekuwa na siku ya kikao, faini ya kuchelewa na kufuli tatu.

Vikundi hivi vinastahili sifa kuliko vinavyopewa. Mwanamke wa Newala aliyekosa benki kwa miaka mingi anajua, kwa uzoefu wa mikono yake, yale ambayo vyuo vikuu vimeyaandika kwa takwimu. Anajua kwamba nia yake peke yake Februari ni ngumu na Juni ni laini, na kwamba wanawake ishirini wanaomsubiri Alhamisi chini ya mwembe ndio wanaoishika kwa ajili yake. Si kila kikundi hufanikiwa. Wapo wanaokopa wasirudishe, zipo hesabu zinazovurugika. Lakini kikundi kikivunjika, kila mtu anajua kimevunjikia wapi, na mwaka unaofuata hurekebisha katiba.

Anayetaka neno la mwaka basi asilitafute kwa uzuri wake. Na atafute kwanza jambo moja ambalo lisipofanyika mwaka huu nyumba itaumia: ada ya mtoto, salfa ya shamba, presha ya mzee isiyopimwa, kisomo kilichokatika. Akaulize walio nyumbani kama nao wanaliona hivyo, na kama hawalioni, asilitangaze. Kisha alifunge kwenye tukio la kalenda yake mwenyewe, siku malipo yanapoingia, mvua ya kwanza, kikao cha Alhamisi, Jumapili ya kwanza ya mwezi. Amtafute mtu wa kumuuliza, asiye mwoga wa kuuliza. Aweke mtihani wake wa Agosti, siku ambayo atajipima na kujua yuko daraja gani, kwa kuwa miezi minne itakuwa bado imebaki. Hapo ndipo atakapochagua maneno, mawili au matano, marahisi kutamkwa na mtoto.

Na kama neno la mwaka uliopita lilitimia, lisifutwe ukutani kwa sababu tu limezeeka. Libaki na siku yake na msimamizi wake, huku jipya likiandikwa pembeni. Wewe unayesoma sura hii Desemba, kabla hujaifunga, andika kwenye kipande cha karatasi jambo lako, siku yake na jina la mtu atakayekuuliza, kisha mpelekee mtu huyo nakala kabla fedha ya korosho haijaisha.